Kabla Mimba Haijafika Mjini

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa idadi ya watu walikuwa wakipanda miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya hadi Chogoria, kujionea jambo lililokuwa adimu vijijini Afrika. Hospitali ya hapo, iliyoanzishwa na misheni ya Kanisa la Scotland mwaka 1922 chini ya Daktari Clive Irvine, ilikuwa imetawanya wahudumu wake katika iliyokuwa wilaya ya Meru. Walipita nyumba kwa nyumba katikati ya mibuni na michai, wakigawa vidonge na ushauri wa kupanga uzazi. Utafiti wa mwaka 1985 ulikuta kwamba kiwango cha wake waliokuwa wakipanga uzazi pale kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha taifa. Kwa nchi ambayo mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alizaa kwa wastani watoto wanane, hayo yalikuwa maajabu.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza uzazi wa wanawake wa Meru kufanywa shauri la watu wengine. Aprili 1956 wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru, wakisukumwa na serikali ya kikoloni, walipiga marufuku ukeketaji, na katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kukaidi, wakiwemo wasichana waliokuwa wakikeketana wao kwa wao. Wazee, wamisheni, machifu, wachumi: kila mmoja alikuwa na neno lake. Waliokosa msemaji ni wale waliotaka mtoto wasimpate. Sera ikishajengwa juu ya hofu kwamba watoto ni wengi mno, asiyezaa huwa si tatizo la mtu yeyote isipokuwa lake mwenyewe, na la mama mkwe wake.

Sura hii inamhusu huyo asiyehesabiwa, na hasa yule ambaye kutozaa kwake kumefuatana na maumivu tangu usichanani.

Endometriosisi ni ugonjwa ambao tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota mahali pasipo pake: juu ya ovari, nyuma ya mji wa mimba, kwenye mirija, kwenye utumbo, kwenye kibofu, na mara chache hata kifuani. Kila mwezi tishu hiyo huitikia homoni, na nyingine huvuja damu ambayo haina njia ya kutoka. Mwili huivamia kama adui. Panabaki kovu, viungo hugandamana, na maumivu huwa mgeni wa kila mwezi kabla ya kuwa mwenyeji wa kudumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 190 wanao, yaani takriban mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa.

Wakenya wengi walilisikia jina la ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtangazaji Njambi Koikai, aliyejulikana redioni na jukwaani kama Fyah Mummah Jahmby. Wake ulikuwa umepanda hadi kifuani na kuyaangusha mapafu yake mara kwa mara. Alichangiwa na umma akaenda kutibiwa Atlanta, Marekani, akarudi na kulizungumzia jambo hili bila haya mpaka alipofariki dunia tarehe 3 Juni 2024. Yeye alizungumza zaidi juu ya maumivu na pumzi. Upande wa uzazi, ambao kwa familia nyingi ndio unaouma kuliko yote, umebaki kunong'onwa.

Mfano wa kawaida wa Meru na Embu hauhitaji jina. Mfikirie mwalimu wa shule ya msingi karibu na Runyenjes, miaka 33, ameolewa miaka 5. Tangu Kidato cha Pili alikuwa akilala bwenini siku mbili tatu kila mwezi, amejikunja, chupa ya maji moto tumboni. Matroni alimpa tembe za maumivu. Mamake alimwambia yeye pia alipitia hayo, na kwamba akishazaa yatakwisha. Kwenye zahanati aliandikiwa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka mwingine ikawa vidonda vya tumbo. Mwingine maambukizi ya nyonga, na antibiotiki za wiki mbili ambazo mumewe pia alilazimika kumeza. Sasa anataka mtoto, na shemeji zake wameanza kuuliza kulikoni.

Safari hiyo ya makosa ina historia yake. Mnamo 1921 daktari John Sampson wa Albany, New York, alieleza uvimbe wa ovari uliojaa damu nzito iliyozeeka yenye rangi ya chokoleti, na mwaka 1927 akaeneza nadharia kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kupanda tishu tumboni. Katika miaka ya 1940 Joe Meigs wa Boston alishikilia kuwa huu ni ugonjwa wa wanawake wenye nafasi wanaochelewa kuolewa, na tiba yake ni kuzaa mapema. Kutoka hapo haikuwa mbali kufikia imani kwamba wanawake Weusi hawaupati. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1976, pale daktari Donald Chatman wa Chicago alipochapisha matokeo ya wanawake Weusi 190 aliowachungulia tumboni kwa kamera: zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa nao, na si wachache kati yao walikuwa wamekwisha kubandikwa jina la maambukizi ya nyonga. Mwalimu wa Runyenjes alizaliwa miaka kadhaa baada ya makala ile. Bado alipewa antibiotiki.

Sasa tuingie ndani, mahali ambapo shemeji hawafiki.

Lawama ya ugumba huangukia mji wa mimba. Mwanamke husema mji wangu umefungwa, umegeuka, umepoa. Waganga nao huuza dawa za kuusafisha. Lakini katika endometriosisi sehemu kubwa ya mambo huharibika mapema zaidi, kabla mimba haijaufikia huo mji, na kwa wanawake wengi huanzia kwenye ovari.

Msichana huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na mbili. Akivunja ungo yamebaki laki tatu au nne. Yatakayokomaa na kutoka katika maisha yake yote ni kama 400 tu. Kila yai hulala ndani ya kifuko chake kidogo miaka na miaka, kromosomu zake zikiwa zimesimama katikati ya mgawanyiko ulioanza msichana akiwa bado tumboni mwa mamake. Zamu yake ikifika, kifuko hujaa majimaji na seli za pembeni hulilisha yai hilo kwa miezi kadhaa. Saa chache kabla ya kutoka, mgawanyiko ule uliosimama huendelea.

Uvimbe wa chokoleti huvuruga mambo haya kwa njia zaidi ya moja. Ndani yake mna damu kuukuu, na damu kuukuu ina chuma huru kwa wingi. Chuma hicho huzalisha chembe kali za oksijeni zinazounguza kuta za seli na DNA, na sumu hiyo hupenya hadi kwenye tabaka la nje la ovari, mahali hasa mayai yanapolala. Watafiti waliochukua vipande vya ovari zenye uvimbe huo walikuta mayai yaliyolala ni machache kuliko kwenye ovari nzima, na kovu limechukua nafasi. Wengine wanasema mwako huo huyaamsha mayai mengi kabla ya zamu yake, yakaamka na kufa bure, na hivyo hazina kwisha mapema. Hiyo ni hesabu ya idadi, na haina ubishi mwingi: mwanamke mwenye uvimbe wa chokoleti, akichomwa sindano za kukuza mayai, kwa kawaida hutoa mayai machache kuliko mwenzake wa umri huohuo.

Ubora ni kesi nyingine. Majimaji yanayolizunguka yai kwa wanawake wenye endometriosisi yamepimwa mara nyingi, na mara nyingi hukutwa yamejaa ishara za mapambano: protini ambazo seli za kinga hutumiana zinapopigana, pamoja na alama za kuungua kwa oksijeni. Seli zinazolisha yai hufa mapema kuliko kawaida. Na mitokondria za yai, zile sehemu zinazotengeneza nishati, zimeonekana chini ya hadubini kali zikiwa na maumbo yasiyo sawa.

Jaribio moja la Brazili linastahili kusimuliwa kwa mfugaji wa Nkubu. Mwaka 2014 watafiti wa Ribeirão Preto walichukua mayai ya ng'ombe na kuyakomaza maabara. Baadhi waliyaongezea majimaji ya vifuko vya mayai kutoka kwa wanawake wasiopata mimba wenye endometriosisi hafifu, mengine majimaji ya wanawake wasio na ugonjwa. Katika kundi la kwanza zile nyuzi ndogo zinazopanga kromosomu ziliharibika zaidi. Ng'ombe hakuwa mgonjwa. Yai lake lilikuwa zima mpaka lilipooshwa na maji ya mwenye ugonjwa. Cha kushangaza ni kwamba wanawake wale walikuwa na hatua za mwanzo tu, zile ambazo daktari akiziona husema ni kidogo, usijali.

Yai likitoka, linapokewa na vidole vya mrija wa falopio, iwapo kovu halijavigandisha. Humo ndimo mbegu za kiume zinapolikuta. Majimaji ya tumboni ya mwenye endometriosisi yana seli za kinga zaidi ya kawaida, zenye hasira zaidi, na mbegu za kiume zikiogeshwa humo hupungukiwa na mbio. Nyingine hunata kwenye kuta za mrija zikashindwa kuendelea. Hata maabara, ambako mrija hauhusiki tena, utungisho huweza kusuasua: watafiti walipogawa mayai ya mwanamke mmoja mwenye ugonjwa huu mafungu mawili, yale yaliyodungwa mbegu moja moja kwa sindano yalitungishwa kwa kiwango kikubwa kuliko yale yaliyoachwa na mbegu kwenye kisahani zitafutane zenyewe. Mbegu za mume zilikuwa njema katika mafungu yote mawili, kwa hiyo shaka inaangukia kwenye yai au ngozi yake ya nje.

Baada ya utungisho ndipo panapokuja jambo ambalo hata wasomi wa biolojia husahau. Mbegu ya kiume huleta nusu ya kromosomu na vitu vichache vya kusaidia mgawanyiko. Vingine vyote ni vya yai. Siku ya pili kiinitete huwa na seli nne, siku ya tatu nane, na katika muda huo jeni zake mwenyewe karibu zote zimelala. Huamka kati ya seli nne na nane. Mpaka hapo kiinitete kinaishi kwa masurufu kiliyofungiwa na mama: protini, maagizo yaliyoandikwa tayari, na mitokondria ambazo hazitaongezwa hata moja mpaka kifikie hatua ya blastosisti, siku ya tano au ya sita. Masurufu yakiwa pungufu, msafiri huanguka njiani. Ndiyo maana wataalamu wa maabara huona viinitete vilivyoanza vizuri vikisimama siku ya tatu au ya nne, bila mtu kuvigusa. Mwanamke aliyeshika mimba kwa njia ya kawaida hawezi kujua kama hilo limempata. Hedhi humjia siku yake, au kwa kuchelewa siku mbili, na yeye husema mwezi huu tena hapana.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu nani wa kulaumiwa ulitoka Valencia, Hispania, katika miaka ya 1990. Kundi la Carlos Simón na Antonio Pellicer lilitumia fursa iliyoletwa na kuchangia mayai. Mwanamke mwenye endometriosisi alipopewa yai la mchangiaji mzima, mimba ilishika sawa na kwa wengine. Mwanamke asiye na ugonjwa alipopewa yai lililotoka kwa mwenye endometriosisi, mimba zilishika kwa uchache zaidi. Mwaka 2000 kundi hilohilo la Valencia likagawa mayai ya mchangiaji mmoja kati ya wapokeaji wawili, mmoja mwenye ugonjwa mkali na mwingine mzima, na matokeo yakawa hayana tofauti ya maana. Mji wa mimba ulipewa kiinitete kizuri, ukakipokea. Wapo wanaosema utando wa mji nao hubadilika kwa ugonjwa huu, na wana data zao. Lakini mtu akitaka kumtetea mwanamke wa Runyenjes mbele ya wakwe, aanzie Valencia.

Hapa haifai kutia chumvi. Mwaka 2002 Kurt Barnhart na wenzake wa Marekani walikusanya tafiti 22 wakahitimisha kuwa uwezekano wa mwenye endometriosisi kupata mimba kwa upandikizaji, yaani yai kutungishwa maabara na kiinitete kurudishwa tumboni, ulikuwa karibu nusu ya ule wa mwanamke ambaye tatizo lake ni mirija tu. Tafiti za baadaye zimeipunguza picha hiyo. Mayai ni machache, ndiyo, lakini idadi ya watoto wanaozaliwa mara nyingi hukaribiana. Mwaka 2014 watafiti wa Milan waliwachukua wanawake wenye uvimbe upande mmoja tu, wakalinganisha ovari mbili za mtu yuleyule. Mayai ya upande mgonjwa hayakuwa mabaya kuliko ya upande mzima. Na mwaka 2017 kundi la New Jersey lilipochunguza kromosomu za viinitete, likakuta kasoro kwa wenye endometriosisi ni zilezile za wanawake wa umri wao wasio na ugonjwa. Yaani endometriosisi, kwa kadiri tunavyojua, haizeeshi kromosomu. Umri ndio unaozizeesha.

Ukiyaweka haya pamoja, unapata hukumu moja isiyoyumba sana: ugonjwa hula idadi, huchosha mazingira ya yai, na huweza kupunguza masurufu ya kiinitete; umri hula kromosomu. Vyote viwili vinaendelea kwa pamoja kila mwaka ambao mwanamke anapewa antibiotiki. Shirika la Afya Duniani linasema utambuzi wa ugonjwa huu huweza kuchelewa kwa miaka 4 hadi 12 tangu dalili zianze. Kwa anayeanza kuumwa akiwa na miaka 15, miaka 12 inamfikisha 27, na bado mayai yapo. Kwa mwalimu wetu imepita 18.

Kwa wenzi wazima, uwezekano wa kushika mimba kila mwezi ni kama asilimia 15 hadi 20. Kwa mwenye endometriosisi isiyotibiwa umekadiriwa kuwa kati ya asilimia 2 na 10. Si sifuri. Kati ya wenye ugonjwa, asilimia 30 hadi 50 hupata shida ya kushika mimba, na maana yake ni kwamba nusu au zaidi hawapati shida hiyo. Wapo wanawake Meru wenye watoto wanne na endometriosisi ambayo haijawahi kutajwa. Kwa hiyo anayemwambia binti kuwa ana ugonjwa huu basi hatazaa, anakosea sawasawa na anayemwambia kuzaa kutauponya. Mimba huweza kutuliza dalili kwa muda. Ugonjwa hauendi popote.

Upasuaji una mizani yake. Huko Kanada, matokeo ya jaribio lililochapishwa 1997 likiwa na wanawake 341 wenye ugonjwa wa hatua za mwanzo yalionyesha kuwa waliochomwa au kukatwa madoa ya ugonjwa kwa laparoskopi, ile kamera ya tumboni, walishika mimba kwa asilimia 30.7 ndani ya wiki 36, dhidi ya 17.7 kwa wale waliochunguliwa tu. Ni nafuu ya kweli. Uvimbe wa chokoleti, hata hivyo, si doa. Kuubandua huondoa pamoja nao tabaka la ovari lenye mayai, na kipimo cha homoni ya AMH hushuka baadaye. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 hauhimizi kuutoa kwa mazoea kabla ya upandikizaji kwa nia ya kuongeza watoto. Hutolewa kwa maumivu, kwa shaka ya saratani, au kwa sababu umeziba njia ya sindano ya kuchukulia mayai. Mwongozo huohuo unasema dawa za homoni za kuzuia hedhi hazipaswi kutolewa ili kuongeza uwezo wa kuzaa: zinatuliza maumivu, na wakati huohuo zinazuia mimba. Mwanamke aliyepewa dawa hizo miezi sita na kuambiwa ni za kumsaidia kupata mtoto amepotezewa miezi sita.

Kuhusu AMH, neno moja la tahadhari. Kipimo hiki cha damu kinahesabu, hakionji. Kinakaribia kusema mayai mangapi yamebaki. Hakisemi ni mazuri kiasi gani, na mwenye namba ndogo akiwa na miaka 29 ana nafasi kubwa kuliko mwenye namba kubwa akiwa na 41.

Mume naye apimwe, na apimwe mwanzoni. Kasoro za mbegu za kiume zinahusika katika karibu nusu ya wenzi wanaochelewa kupata mtoto. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote vilivyotajwa katika sura hii, hakina kisu wala sindano, na bado kuna wanawake waliopasuliwa mara mbili kabla ya waume zao kukubali kutoa sampuli.

Hapa jiografia inaingia. Hospitali za rufaa za Meru na Embu, pamoja na zile za misheni za Chogoria, Nkubu na Maua, zimezalisha na kupasua vizazi kwa vizazi. Kliniki za upandikizaji zimejazana Nairobi. Safari hiyo ni ya kutoka nyumbani alfajiri, kushuka kituo cha mabasi cha Tea Room, na kurudi usiku, na upandikizaji hauhitaji safari moja bali nyingi ndani ya wiki chache, maana mayai yanayokuzwa kwa sindano hutazamwa kwa skeni kila baada ya siku kadhaa. Mzunguko mmoja katika kliniki za binafsi kwa kawaida hupita shilingi laki nne, na bima ya taifa ya SHA, iliyorithi NHIF Oktoba 2024, haiubebi. Kwa mkulima wa chai wa Kionyo au wa muguka wa Mbeere, hiyo ni bei ya kipande cha ardhi. Watu wameuza vipande hivyo.

Mfugaji wa Imenti anaweza kupiga simu asubuhi na mtaalamu wa kupandikiza ng'ombe akafika kwa pikipiki kabla ya saa sita, mbegu zikiwa zimehifadhiwa kwa nitrojeni. Kituo cha Kabete kinachotoa mbegu hizo kilianzishwa 1946. Watoto wa kwanza wa Kenya waliotungishwa nje ya mwili walizaliwa Mei 2006, katika kliniki ya Daktari Joshua Noreh jijini Nairobi: miaka 60 baada ya kituo cha ng'ombe. Muswada wa kusimamia huduma hizi, ambao Mbunge Millie Odhiambo aliupeleka Bungeni kwa mara ya kwanza 2014, ulizungushwa kwa miaka kutoka bunge moja hadi jingine.

Katika pengo hilo hustawi wauzaji. Sokoni Gakoromone na kwenye stendi ya Embu, na siku hizi zaidi kwenye simu, kuna chupa za kusafisha mirija, poda za kurudisha mayai, chai za kuyeyusha uvimbe. Hakuna mmea uliothibitishwa kurudisha yai lililokufa. Vidonge vya vitamini vinavyosemekana kuzima zile chembe kali za oksijeni vimejaribiwa pia, na ushahidi kwamba huongeza idadi ya watoto wanaozaliwa bado ni dhaifu. Asidi ya foliki ni muhimu kwa kila anayetafuta mimba, lakini hiyo ni kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto, si kwa ajili ya uvimbe wa chokoleti.

Yanayowezekana katika kaunti hizi mbili hayahitaji maabara ya viinitete. Skeni ya kupitia ukeni, ikishikwa na mtu aliyefunzwa kuutambua uvimbe wa chokoleti na viungo vilivyogandamana, huuona ugonjwa mkubwa bila kisu. Mwongozo wa 2022 umeacha kudai kila mgonjwa apasuliwe ndipo aaminiwe. Daktari akishauona, anaweza kumweleza mwanamke wa miaka 25 kwamba asisubiri miaka kumi ikiwa anataka watoto, na kwamba kugandisha mayai, kwa anayemudu, hufaa zaidi kabla ya miaka 35 na kabla ya ovari kupasuliwa. Na mwanamke aliyekwisha kujua ana ugonjwa huu, akijaribu miezi sita bila mafanikio, aende. Hana sababu ya kungoja mwaka mzima ambao huambiwa wengine.

Mwaka 2017 Kenya ilibadili Sheria ya Elimu ya Msingi ili kila msichana aliyebalehe apewe sodo bure katika shule za umma. Ni sheria njema. Ila sodo hunyonya damu tu, na kuzigawa si kuuliza juu ya maumivu. Wakurugenzi wa afya wa Meru na Embu wanaweza kuongeza swali moja muhula ujao bila kuomba bajeti: je, kuna msichana anayekosa masomo kila mwezi kwa sababu ya tumbo? Wakipata majina, wayapeleke hospitali ya rufaa, si kwa matroni.